Kiti cha Kocha: Nani Analipwa Akifukuzwa?

Zamu ya historia wiki hii ni yangu. Wengi mliomba niandike juu ya mpira, na nawaelewa, maana hapa Nyakabanda ukikaa saa nzima kwenye chai na chapati bila kusikia ubishi wa mpira, jua siku hiyo kuna msiba. Ila nimechagua upande wa mpira ambao watu hawapendi sana kuufuata: kazi ya kocha. Si mbinu zake, si kelele zake pembeni ya uwanja. Kazi yake kama kazi. Anaajiriwa vipi, anafukuzwa vipi, na akifukuzwa anarudi nyumbani na nini mfukoni.

Tuanze na mtu mmoja. Machi 2025 Amavubi walipata kocha mpya, Adel Amrouche, Mwalgeria mwenye uraia wa Ubelgiji pia. Mechi yake ya kwanza hapa Kigali tulipigwa 2-0 na Nigeria, mabao yote mawili ya Osimhen. Siku chache baadaye sare ya 1-1 na Lesotho. Huko mtaani hukumu ilikuwa tayari: huyu naye hamalizi mwaka. Wenye kusema hivyo hawakujua kwamba katika makocha wote waliopita Afrika Mashariki, huyu njo anajua kuliko wengi barua ya kufukuzwa ina thamani gani.

Februari 2013 Amrouche alipewa Harambee Stars ya Kenya. Desemba mwaka huo huo akawapa kombe la CECAFA pale Nairobi, Kenya 2, Sudan 0. Miezi minane baadaye, Agosti 2014, Kenya ikatolewa na Lesotho kwenye mechi za kufuzu Kombe la Afrika: kule walifungwa 1-0, nyumbani wakatoka 0-0. Shirikisho la Kenya, FKF, likamfukuza. Mkataba wake ulikuwa bado haujaisha. Kwa kawaida hapo hadithi inaishaga: kocha anafunga begi, waandishi wanapiga picha uwanja wa ndege, kesho anatangazwa mwingine. Amrouche alifunga begi, lakini mkataba wake akaupeleka FIFA. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya usuluhishi wa michezo, na mwishoni Kenya ikajikuta inadaiwa zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya. Pesa ya mtu mmoja, kwa kazi aliyoachishwa.

Sasa angalia kilichofuata. Viongozi waliomfukuza waliondoka, uchaguzi wa 2016 ukaleta wengine, na hao wengine wakasema deni si letu, ni la waliotutangulia. FIFA haikujali. Mwaka 2020 ikatishia kuiondoa Kenya katika safari ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022 kama deni halilipwi. Fikiria hiyo: nchi nzima ya watu zaidi ya milioni 40 inaweza kukosa mechi kwa sababu ya karatasi ambayo watu wawili watatu walisaini ofisini.

Na bado yule aliyechukua kiti cha Amrouche, Mskochi Bobby Williamson, naye alifukuzwa Februari 2016. Yeye alikwenda mahakamani Kenya kwenyewe, akashinda zaidi ya shilingi milioni 50. Makocha wawili mfululizo, madeni mawili. Ukiuliza nani alilipia ule uamuzi wa haraka wa kufukuza, jibu ni kwamba si yule aliyefukuza.

Hapa nataka mtambue kitu ambacho mimi mwenyewe nilikiona tu baada ya kuandika majina yote kwenye daftari. Hawa makocha wa kigeni wanafukuzwa kweli, lakini hawapoteagi. Wanazunguka. Williamson alikuwa kocha wa Uganda toka 2008 mpaka 2013. Alipoondolewa Uganda, nafasi yake ilichukuliwa na Mserbia Milutin Sredojević, huyu tunayemwita Micho. Micho alitoka wapi? Alitoka hapa Kigali: Rwanda ilimfukuza Aprili 2013, baada ya kufungwa nyumbani na Mali 2-1. Mwezi uliofuata tu alikuwa Kampala. Na mwaka 2017 akaipeleka Uganda Kombe la Afrika, mara ya kwanza toka 1978. Yaani yule tuliyemwona hafai, jirani alimwokota mlangoni kwetu. Julai 2017 akaacha mwenyewe kazi ya Uganda juu ya mishahara iliyokuwa hailipwi. Akarudi tena Uganda 2021, akafukuzwa 2023.

Antoine Hey, Mjerumani: alikuwa Kenya mwaka 2009, akaja Rwanda 2017, akaondoka Januari 2018 baada ya CHAN ya Morocco. Johnny McKinstry, kijana wa Ireland ya Kaskazini aliyekuja kwetu Machi 2015 akiwa hajafika hata miaka 30: tulimfukuza Agosti 2016, baadaye akawa kocha wa Uganda, halafu Gor Mahia ya Nairobi, akachukua nayo ligi. Na Amrouche, baada ya Kenya, alikuwa Tanzania mwaka 2023. Januari 2024, katikati ya Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, CAF ikamfungia mechi 8 kwa maneno aliyosema juu ya Morocco, na Tanzania ikamsimamisha hapo hapo mashindano yakiendelea. Mwaka mmoja baadaye, Kigali.

Ukitazama huo mzunguko unaona kwamba kiti hakina usalama, ila soko linao. Mzungu au Mwarabu mwenye leseni na wakala wake akitoka Kigali kuna Kampala, akitoka Kampala kuna Nairobi, akitoka Nairobi kuna Dar es Salaam. Anahama kama sisi tulivyohama, tofauti ni kwamba yeye anahama na fidia.

Turudi nyuma kidogo kwenye historia ya Amavubi yenyewe, juu wadogo zetu wengine hapa walizaliwa baada ya 2004 na wanafikiri Rwanda haijawahi kucheza Kombe la Afrika. Imewahi, mara moja. Kocha alikuwa Ratomir Dujković, naye Mserbia, aliyekuja mwaka 2001. Juni 2003 Rwanda ilikwenda Kampala ikaifunga Uganda 1-0, bao la Jimmy Gatete. Julai wakaifunga Ghana 1-0 hapa Kigali, tena Gatete. Wazee wa Nyamirambo wanakumbuka usiku ule kama arusi ya mtaa mzima. Huko Tunisia mwaka 2004 walifungwa na wenyeji 2-1, wakatoka sare na Guinea 1-1, na wakaifunga Kongo yetu 1-0. (Wakongomani mliomo humu, tuvumilie tu, ilishapita.)

Dujković aliondoka mwaka huo huo wa 2004. Alikwenda Ghana, ile ile aliyoifunga, na 2006 akaipeleka Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Toka hapo nikahesabu. Palmgren, Nees, Kuže, Tucak, Tetteh, Micho, Nshimiyimana, Constantine, McKinstry, Hey, Mashami, Alós Ferrer, Spittler, Amrouche. Majina 14 toka 2004 mpaka 2025, na sijaweka wale wa kushikilia kwa wiki chache. Ukigawa miaka, ni kama mwaka mmoja na nusu kila mtu, pamoja na miezi ambayo kiti kilikuwa kitupu. Mtoto aliyeanza shule ya msingi Dujković akiwa anaondoka amemaliza sekondari, na kila mwaka mmoja na nusu anasikia mipango mipya ya miaka minne.

Lakini tusiwe waongo, si wote walifukuzwa. Stephen Constantine aliacha mwenyewe Januari 2015 akaenda India. Na yeye alikuwa ameonja uchungu wa aina nyingine: 2014 timu yake ilifuzu uwanjani mbele ya Congo-Brazzaville, halafu CAF ikaiondoa Rwanda kwa sababu ya mchezaji mmoja mwenye majina mawili, moja la Rwanda na moja la klabu yake ya Kongo. Kocha hakuandika yale majina. Alós Ferrer, Mhispania, aliondoka Agosti 2023 kwenda Belarus. Torsten Spittler, Mjerumani, alikuja Novemba 2023 kwa mkataba wa mwaka mmoja, akaifunga Afrika Kusini 2-0 kule Huye, akaifunga Nigeria 2-1 kwao Uyo Novemba 2024, akakosa Kombe la Afrika akiwa na pointi 8 sawasawa na Benin. Mkataba ulipoisha, naye akaisha. Kwa hiyo usalama wa kazi unavunjwa na pande zote mbili, hilo lazima tuliseme.

Aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika hawa 14 ni nani? Mnyarwanda, Vincent Mashami, toka 2018 mpaka 2022. Yeye ndiye aliyeifikisha Rwanda robo fainali ya CHAN iliyochezwa Cameroon Januari 2021, wakatolewa na Guinea 1-0. Wengine wanasema alikaa kwa sababu alikuwa mzalendo na mvumilivu. Labda. Mimi naona pia sababu ya pili: alikuwa anapewa mkataba mfupi, unaongezwa, mfupi tena, unaongezwa. Ukimpa mtu mkataba wa mwaka mmoja mmoja huna haja ya kumfukuza. Unasubiri tu kalenda. Ndo maana naona muda wa kukaa kwenye kiti peke yake haukuelezi mtu ana usalama kiasi gani. Mashami alikaa miaka zaidi ya mitatu akiwa kila mwaka haijui kesho yake. Amrouche alikaa Kenya mwaka na nusu, akaondoka na haki ya mamilioni.

Kwenye klabu hali ni kali zaidi. APR hapa Kigali ilimleta Mmorocco Adil Erradi Mohammed mwaka 2019. Akachukua ligi ya 2019-20 bila kupoteza mechi. Akachukua na ya 2020-21, tena bila kupoteza. Mnajua Oktoba 2022 kilitokea nini? Akasimamishwa mwezi mmoja, na kwenye benchi hakurudi. Msaidizi wake Ben Moussa akashika timu, akachukua ligi ya 2022-23, msimu ulipoisha akaachwa. Akaja Mfaransa Thierry Froger, akachukua ligi ya 2023-24, naye akaenda. Akaja Mserbia Darko Nović. Mei 2025 aliifunga Rayon Sports 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Amani, na mwezi huo huo akaachana na timu kabla ligi haijaisha. Timu ikaenda kuchukua ubingwa bila yeye. Misimu mitatu, ubingwa mara tatu, na hakuna kocha hata mmoja aliyebaki na kombe lake. Kwa hiyo wale wanaosemaga "akishinda hawatamfukuza" waje watuelezee.

Rayon Sports nao wana ya kwao. Wazee wa blu wanapenda kukumbusha 1998, walipochukua kombe la klabu la CECAFA kule Zanzibar wakiwa na kocha Mkongomani, Raoul Shungu, ambaye baadaye alifundisha pia Yanga. Miaka 20 mbele, 2018, Mbrazil Robertinho akawafikisha robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na 2019 akawapa ligi. Akaondoka, akaenda Vipers ya Uganda, halafu Januari 2023 Simba ya Dar es Salaam. Huko ndiko aliko-onja moto. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilikuwa haijapoteza hata mechi moja ya ligi msimu ule. Siku hiyo Yanga ikawapiga 5-1. Siku mbili baadaye Robertinho hana kazi. Mechi moja! Mwaka 2024 akarudi Rayon, timu ikawa inagombea ubingwa na APR, na Aprili 2025 akasimamishwa.

Msifikiri Yanga wao ni waungwana. Msimu wa 2024-25 Miguel Gamondi alianza ligi kwa mechi 8, akashinda zote 8, bila kufungwa hata bao moja. Halafu akafungwa na Azam 1-0, akafungwa na Tabora United 3-1. Mechi mbili ndani ya wiki moja, na kabla Novemba haijaisha alishakuwa mtu wa zamani, pamoja na ubingwa aliowapa miezi michache iliyopita.

Kwa nini iko hivi? Sababu ya kwanza ninayoiona ni pesa inatoka wapi. Klabu zetu nyingi haziishi kwa tiketi wala kwa televisheni. Mukura, Etincelles, Musanze zinategemea wilaya. APR ni timu ya jeshi. Rayon na Kiyovu zinategemea wapenzi wake na mfuko wa yule aliyechaguliwa kuwa prezida. Kocha wa Amavubi analipwa na serikali kupitia wizara ya michezo. Basi mwenye pesa akibadilika, au hasira yake ikibadilika, kocha anabadilika. Prezida mpya wa klabu anataka kuonyesha wapenzi kwamba amefanya kitu, na kitu cha bei nafuu cha kufanya wiki ya kwanza ni kuleta kocha mpya. Bei nafuu kwa siku hiyo, maana deni litakuja kulipwa na mwingine. Kiyovu Sports, timu ya 1964, yenye wazee wengi sana wanaoipenda huku kwetu Nyarugenge, imeshafungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya kesi za mishahara ya watu waliopita.

Sababu ya pili ni kwamba mara nyingi komite inasajili wachezaji, kocha anakuta tu orodha. Hachagui wachezaji lakini anabeba kufungwa kwao. Nadhani hapo hata nyinyi mnaofanya kazi kwenye miradi mnanielewa.

Wapo waliodumu. Florent Ibenge alishika Leopards ya Kongo toka 2014 mpaka 2019, miaka mitano, kitu cha ajabu kwa mambo yetu. Shaba ya Kombe la Afrika 2015. Halafu CHAN ya 2016, hii iliyochezwa hapa Rwanda: robo fainali Kongo ikaitoa Rwanda ya McKinstry 2-1 kwa muda wa nyongeza, na fainali Amahoro wakaipiga Mali 3-0. Ule usiku wa robo fainali sisi wakimbizi wa Nyakabanda tulikaa kimya zaidi ya majirani wote, kila mtu anaogopa kushangilia na anaogopa kutoshangilia. Lakini nilichotaka kusema juu ya Ibenge ni hiki: alikuwa wakati huo huo kocha wa AS Vita ya Kinshasa. Alikuwa na viti viwili. Kimoja kikitikisika, kingine kinamshika. Aliacha mwenyewe baada ya Kombe la Afrika la 2019.

Kwa kulinganisha tu, nitaje Marekani, halafu niiache haraka. Kule vyuo vikuu vina mpira wao, ule wa kofia ngumu na mabega makubwa, na kocha wa chuo anaweza kulipwa kuliko rekta wake. Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake Jimbo Fisher, na kwa sababu mkataba ulikuwa na miaka mbele, kilikuwa kinamdai, hapana, kilikuwa kinadaiwa na yeye, zaidi ya dola milioni 75. Kumlipa mtu milioni 75 ili asije kazini! Watu huko walikasirika, na wana haki, kwa sababu ni chuo cha watu kusoma. Lakini huyo kocha hakulala usiku akiwaza kodi ya nyumba. Naye pia kiti chake hakikuwa na usalama, kama cha Gamondi au cha Robertinho. Kilichokuwa salama ni karatasi yake.

Na kwa upande wetu karatasi nayo imeanza kupata nguvu. Toka tarehe 1 Januari 2021 FIFA ina kanuni zake za ajira ya makocha. Zamani zilikuwa zinawalinda zaidi wachezaji, kocha akibaki kutafuta njia mwenyewe kama Amrouche. Sasa imeandikwa: mkataba wa kocha lazima uwe wa maandishi, utaje mshahara na muda. Hauvunjwi katikati bila sababu ya haki, na mwenye kuuvunja analipa fidia. Kocha asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuandika barua kuwapa siku 15, na zikipita bila pesa, ana haki ya kuondoka na kudai. Tena kuna kipengele kimoja ambacho mkimbizi anatakiwa akisome mara mbili: klabu haiwezi kuweka sharti kwamba mkataba utakuwa halali tu kama kibali cha kazi au cha kukaa kitapatikana.

Ila kuna mlango mwembamba. FIFA inasikiliza kesi za kocha wa nchi nyingine dhidi ya klabu au shirikisho, si za kocha wa nchi ile ile. Mnyarwanda aliyefukuzwa na klabu ya Rwanda anabaki na vyombo vya hapa hapa. Mkongomani anayefundisha klabu ya Rwanda, hata kama ameishi hapa toka utoto, ni mgeni kwa kanuni hizo, na mara hii moja ugeni unamsaidia. Lakini awe na mkataba, na awe anafundisha klabu ya kulipwa. Yule anayefundisha watoto 40 na mipira mitatu jioni kule Tapis Rouge hayumo. Kule makambini pia hayumo.

Na hao njo wengi wetu. Mimi ni mjitoleaji, najua makocha wa kambi kuliko ninavyomjua Gamondi. Kuna mmoja, jina nalificha, alifundisha timu ya wasichana kwenye mradi wa shirika moja kwa miaka karibu minne. Alikuwa anapewa posho ya mwezi, si mshahara, na kila Januari anasaini karatasi ya ukurasa mmoja ambayo yeye hakupewa kopi yake. Mwaka 2025 misaada ilipopunguzwa, mradi ukafungwa. Habari aliipata kwenye ujumbe wa simu, Ijumaa jioni, umeandikwa kwa Kiingereza na kwa watu wengi pamoja. Jumamosi alikwenda uwanjani kama kawaida, maana wasichana hawakuwa kwenye lile kundi la simu. Sitasema ni shirika gani, na waliofunga sidhani walikuwa na roho mbaya, wao wenyewe walipoteza kazi. Ila yeye alipouliza kama kuna kitu chochote anachodai, aliambiwa aonyeshe mkataba.

Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya 2018, inasema mkataba wa mdomo hauwezi kupita siku 90 mfululizo. Zaidi ya hapo uandikwe. Kwa mkataba usio na mwisho maalum, mwajiri anakupa notisi ya siku 15 kama hujafika mwaka, siku 30 kama umefika au umepita. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi hapa, na sheria hiyo inamgusa kama mfanyakazi mwingine. Tatizo ni neno mjitoleaji. Ukiitwa mjitoleaji, hizo siku 15 na 30 zinakupita juu ya kichwa. Wafanyakazi wa mashirika mliomo humu, swali hili ni lenu, na nitafurahi mkijibu hapa hapa: mtu anayekuja siku tano kwa wiki, anayeandika ripoti, anayepangiwa saa, kwa miaka minne, mnamwitaje mjitoleaji? Naulizia kujua, si ugomvi.

Huku Nyakabanda makocha watatu wa watoto wameanza kitu kidogo. Hawana pesa za kulipana, wazazi wanachanga franga za maji na za nauli tu. Lakini wameandika karatasi moja kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Inasema nani anafundisha siku gani, nani anashika pesa ya wazazi, mipira na jezi ni mali ya nani timu ikivunjika, na kwamba kocha anayeondolewa anaambiwa mbele ya wazazi wawili, wiki mbili kabla, na anapewa barua inayosema alifundisha toka lini mpaka lini. Hiyo barua ya mwisho njo waliibishania zaidi, jioni nzima. Mmoja alisema barua haina kazi, haina muhuri. Mwingine akamjibu kwamba yeye alifundisha miaka sita Masisi na miaka mitatu kambini, na akienda kuomba nafasi kwenye kozi ya leseni hana hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba aliwahi kuwa kocha. Wakaiacha ile barua ndani. Kopi ziko nne, moja iko kwa mama wa duka anayewatunzia mipira.